Kilichobaki Chumba cha Ndani

Feresita alifika zahanati ya Bwera Jumanne saa nne asubuhi, kikapu kichwani na bundu, ugali wa muhogo, bado ya moto ndani ya majani ya mgomba. Alimkuta mjukuu wake Shallon amechuchumaa mbele ya jokofu la chanjo, ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Jokofu lilikuwa limefungwa. Macho ya Shallon yalikuwa kwenye kile kisanduku kilichobandikwa ubavuni mwake, kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni ya kufulia, yenye kioo kinachoonyesha tarakimu moja tu. Tarakimu yenyewe ilikuwa tano.

"Nimesikia uko Bwera tangu alfajiri na hukupita nyumbani," Feresita alisema huku akitua kikapu. "Haya, chakula kimekufuata."

"Bibi, nisamehe. Leo siwezi hata kukaa."

Shallon alikuwa na miaka ishirini na minne. Alifanya kazi Kasese mjini, kwenye karakana ya Mahmood, ambako vijana watatu walitengeneza kompyuta za watu na kuunda vifaa vidogovidogo kama hiki. Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja kukifunga mwenyewe.

Muuguzi Geneviève alitoka stoo ya dawa, daftari kifuani. Alikuwa mwenyeji wa Butembo. Alivuka mpaka miaka kumi na moja nyuma akiwa na mfuko mmoja wa nguo, na tangu hapo hakuna mtoto wa mtaa ule ambaye hakupitia mikononi mwake. Feresita hakumsahau mwanamke huyu: mwaka alioumwa nyonga, Geneviève alipanda kilima kila Ijumaa jioni kumletea dawa, na hakuwahi kusema kwamba amechoka.

"Mama Feresita, tuko na shida," Geneviève alisema. "Hii mashini inasema tano. Inasema tano tangu siku ile Shallon aliifunga. Mimi nilifurahi, nikasema frigo yetu iko na adabu. Leo saa kumi alfajiri natia kipimo changu cha mukono mule ndani, inasema chini ya sifuri, nikapigia Shallon simu."

"Na chini ya sifuri ni vibaya?"

"Ni kuganda, Mama. Chanjo ikipata joto, kile kibandiko cha chupa kinageuka rangi, mutu anaona. Ikiganda, haisemi kitu. Inayeyuka, inakuwa sawa na zamani, na wewe unamuchoma mutoto maji ya bure. Mama yake anaenda nyumbani akijua mutoto yuko salama, na hayuko." Alilifungua daftari, akalifunga tena. "Kuna namna ya kutikisa chupa na kutazama tope lake, lakini chupa ziko za aina nyingi na siku ni moja. Sheria yetu ni fupi. Kama huna rekodi ya kuaminika, yote inarudi Kasese ikatupwe. Chanjo ingine ni kungojea wiki tatu."

"Na kesho ni Jumatano," Feresita alisema.

"Kesho ni Jumatano."

Hapakuhitajika kuongeza neno. Jumatano ndiyo siku ya chanjo. Akina mama wangeshuka kutoka vijiji vya mlimani na wengine wangevuka mto Lhubiriha kutoka upande wa Kongo, watoto mgongoni, na safari hii walikuwa wengi kwa sababu mwezi uliopita mvua ilikata njia na wengi walikosa. Feresita hakujua digrii ni kitu gani, lakini kifaduro alikijua. Kilimchukua mwanawe wa tatu mwaka ambao Bwera nzima haikuwa na jokofu hata moja. Alimshika kifuani usiku nne, na sauti ya kile kikohozi bado ilimjia pengine akiwa anapepeta maharage. Kwa hiyo chanjo kwake haikuwa jambo la daftari.

"Ni mimi, Bibi," Shallon alisema bila kugeuka. "Hiyo programu nimeiandika mimi. Nimewadanganya siku nane."

"Hukudanganya. Umekosea. Hayo ni mawili."

"Kwa mgonjwa ni moja." Alisimama, akashika waya mwekundu ulioingia kwenye kisanduku kutoka kwenye betri. "Naizima kwanza, niiwashe upya. Karakana ndivyo tunavyoanza na kila kitu."

Vidole vilikuwa tayari kwenye waya. Feresita alivifuata kwa mkono wake, akavitoa taratibu, kama anavyomtoa mtoto karibu na moto bila kumtisha.

"Kula kwanza."

"Bibi, dakika moja tu."

"Umetoka Kasese saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na umekula nini?"

Shallon alikitazama kikapu.

"Mashine haina njaa, wewe unayo. Mkono wenye njaa hukata uzi usiopaswa kukatwa. Kaa hapa."

Geneviève aliguna kicheko kidogo, cha kwanza asubuhi ile. "Fanya vile anasema. Mimi nilikataa chakula yake mara moja, mwaka wa kwanza. Alinifuata mpaka kanisani."

Basi Shallon akakaa kwenye benchi, akanawa, akamega bundu. Ilikuwa na maharage yaliyoungwa kwa karanga, na samaki mmoja mdogo ambaye Feresita alimwekea tangu Jumapili. Walimwacha ateremshe matonge matatu kabla hawajamwuliza kitu. Rangi ilimrudi usoni.

"Sasa nieleze," Feresita alisema. "Mimi sijui kompyuta, lakini nina masikio. Ndani ya hicho kisanduku mna nini?"

Shallon alifikiri. Alitazama ule ukumbi mdogo wa zahanati, na mlango wa stoo ya dawa wenye kidirisha.

"Mna kumbukumbu, Bibi, na imegawanyika sehemu mbili. Tuseme mna vyumba viwili. Kuna chumba cha ndani, kama stoo ya Geneviève. Humo hukaa kiini cha mfumo unaoendesha mashine nzima. Kuna na chumba cha nje, kama hapa kwenye benchi. Hapa ndipo programu za kawaida zinapokaa, kama ile inayoandika tarakimu kwenye kioo."

"Na za nje haziingii ndani."

"Kamwe. Programu moja mbovu ikiingia humo, inaweza kuharibu kila kitu, mashine yote ikaanguka."

"Ni haki," Geneviève alisema. "Ningeacha kila mutu aingie kwa stoo yangu, jioni ningekuta nini?"

"Kipimo cha baridi kiko chini ya kiini," Shallon aliendelea. "Kila dakika kumi kinasoma ubaridi, na kile kipande cha programu nilichoandika mimi, kiendeshi, kinaupokea na kuuweka kwenye foleni mle ndani. Programu ya nje inapouhitaji, inakuja dirishani na kusema, nina meza yangu hapa, niwekee. Kiini nacho hakirushi tu. Kinatazama kwanza kama meza ni ya mwombaji kweli, halafu kinanakili. Ya asili inabaki ndani, nakala inatoka nje."

"Kwa hiyo baada ya hapo ziko mbili."

"Ziko mbili. Nikishajua nakala imefika, naifuta ile ya ndani, foleni inasogea, zamu ya kipimo kinachofuata."

"Na unajuaje imefika? Wewe hukai humo."

"Kazi ya kunakili inanijibu kwa nambari." Shallon alirudisha tonge sahanini. "Na hapo ndipo palipooza, Bibi. Leo nimeunganisha kompyuta yangu nikaona yanayojibiwa. Kila mara inajibu sifuri. Siku nane, kila dakika kumi, sifuri. Hakuna kilichopita."

Feresita alikuwa mtu wa kuyapa mambo muda wake. Alitazama jokofu, akatazama kioo.

"Kama hakuna kilichopita," aliuliza, "hiyo tano imetoka wapi?"

Shallon alikigeukia kioo.

"Nauliza tu, mama. Meza iko nje, na juu ya meza kuna tano. Mtu ameiweka."

"Labda... labda ni uchafu uliobaki mezani."

"Uchafu ukatokea kuwa tano, na frigo siku ile ilikuwa tano kweli," Geneviève alisema. "Siku ile mimi nilipima na mukono wangu. Tano."

Feresita alikuwa akivunja ukingo wa jani la mgomba kwa kidole. Alikuwa amekumbuka kilimani kwake. Wanawake wa kule huvuna kahawa kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mizigo hushushwa kwa kichwa hadi kwenye birika la kuoshea bondeni. Yule anayekaa birikani hamwulizi mchukuzi ameleta kiasi gani. Anakiona kinamwagika mbele yake. Humwuliza kilichobaki juu, ambako macho yake hayafiki. Na mchukuzi akijibu "hakuna," wanawake wote hupiga vigelegele, maana kazi imekwisha na sufuria linaweza kupakuliwa. Geneviève, mara ya kwanza alipokwenda kuwasaidia, alisikia "hakuna" akaketi chini kwa huzuni, akidhani kahawa imeibwa. Walimcheka mpaka Krismasi.

"Hiyo sifuri yako," Feresita alisema, "ni ya kilichopita, au ya kilichobaki?"

Geneviève aligeuka akamtazama. Halafu wote wawili wakamtazama Shallon, ambaye alikuwa ameacha kutafuna.

"Ni ya kilichopita," Shallon alisema polepole. "Nadhani. Niliandika hivyo. Niliona ni jambo la kawaida, unamtuma mtu, anakuambia amepeleka ngapi." Alijifuta mkono kwenye sketi, akatafuta simu. "Hapa hakuna mtandao wa kusoma. Ngoja nimpigie Nobert."

Nobert alikuwa mwenzake wa karakana, kijana wa Kitswamba, mwenye mdomo lakini mwema. Shallon aliweka simu iongee kwa sauti ili mikono yake ipate nafasi.

"Madamu wa Bwera," Nobert alisema, "Mahmood anauliza kama umeolewa huko, tulete mbuzi."

"Nobert, fungua maelezo ya kunakili kwenda kumbukumbu ya mtumiaji. Nisomee inarudisha nini."

"Nina chai mkononi."

"Weka chini chai."

Walisikia kiti kikiburutwa.

"Haya. Inasema hivi: hurudisha idadi ya baiti ambazo hazikuweza kunakiliwa. Ikifaulu, hurudisha sifuri."

"Rudia."

"Ambazo hazikuweza kunakiliwa. Shallon, usiniambie umeisoma kinyume."

"Nimeisoma kinyume," Shallon alisema.

"Basi pole, na karibu chamani," Nobert alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Mimi iliniuma wiki mbili mwaka jana, sikumwambia mtu. Mahmood alidhani nina malaria. Sikiliza, usilie huko. Kuna kitu nikusaidie?"

"Kaa karibu na simu."

"Siendi popote. Chai imeshapoa hata hivyo."

Feresita aliyaweka maneno yale moyoni. Kijana angeweza kumcheka mwenzake mbele ya watu; alichagua kumfunulia kosa lake mwenyewe ili lile la Shallon lipungue uzito.

Shallon alikuwa amesimama, akitembea hatua tatu mbele na tatu nyuma. "Kwa hiyo kila mara ilipita. Ilipita yote. Kiini kilikuwa kinaniambia hakuna kilichobaki, na mimi nikasoma hakuna kilichokwenda. Kiendeshi changu kikasema, basi nisiifute, nijaribu tena. Baada ya dakika kumi kinaipa tena programu ya nje kipimo kile kile cha kwanza. Na tena. Siku nane kinanakili tano ya Jumatatu ya wiki jana."

"Na kule Kasese hukuiona?" Geneviève aliuliza, bila ukali.

"Karakana tuna kifaa kimoja cha majaribio, watu watatu. Na umeme unakatika. Naweka programu yangu, nasoma kipimo kimoja, ni sahihi, naitoa, namwachia Nobert. Haikuwahi kukaa muda wa kipimo cha pili." Alisimama ghafla. "Bibi."

"Nipo."

"Haikufuta."

"Nini?"

"Kiendeshi kilidhani hakuna kilichofika. Kwa hiyo hakikufuta hata kipimo kimoja. Vyote viko foleni mle ndani, tangu saa niliyoifunga mpaka sasa hivi. Foleni ina nafasi elfu mbili, na siku nane ni kama elfu moja mia moja na hamsini. Rekodi yote ipo, ya kweli. Haijatoka tu."

Geneviève aliliweka daftari juu ya meza kwa uangalifu, kama yai. "Rekodi yangu iko?"

"Iko. Chumba cha ndani." Halafu Shallon aliutazama ule waya mwekundu, akaketi tena. "Kile chumba hakina daftari, Bibi. Kinakumbuka wakati umeme upo tu. Ningeuvuta huu waya, vyote vingekufa. Nilikuwa nimeushika."

Feresita alimsogezea sahani.

Ndipo Geneviève akaona taa. Kwenye ubavu wa ile betri ndogo taa iliyokuwa kijani sasa ilipepesa nyekundu. Jokofu lilikuwa na paneli zake kubwa juu ya paa, lakini kile kisanduku kilipewa betri yake pekee na kipande cha paneli kisichozidi sinia, na mawingu yalikuwa yameukalia mlima siku ya tatu.

"Inamaliza lini?" Geneviève aliuliza.

"Nusu saa. Pengine chini ya hapo."

"Na kazi yako?"

"Zaidi ya hapo. Lazima niandike upya programu ya nje na nisikosee. Kosa la pili hapa halina dawa."

Geneviève alitoka uani, na wakamsikia akimwita mlinzi. "Afande Kakule. Kuja."

Kakule hakuwahi kuwa askari wa serikali. Lile koti la kijani alilinunua sokoni Mpondwe, na jina la afande alipewa kwa utani likamganda. Aliingia akavua kofia mbele ya Feresita.

"Tunataka betri," Geneviève alisema. "Ya volti kumi na mbili. Iliyojaa."

"Ya pikipiki ya daktari iko mbovu," Kakule alisema. Akakuna shingo. "Iko yangu ya nyumbani. Ile ya taa. Watoto wanasomea."

"Kuna mawingu, Kakule," Feresita alimwambia. "Ukiitoa leo, kesho haitajaa."

"Najua, mama. Watalala mapema wanyamaze, na mimi nipumzike kelele." Alikwisha kugeuka. "Mtoto wangu wa mwisho kuzaliwa, Geneviève ndiye alimtoa. Alikuja na miguu mbele, kamba ya kitovu imemfunga. Nitakataa betri?"

Alikwenda mbio, mtu wa miaka hamsini na kitu, koti likipeperuka. Alirudi betri ikiwa begani. Shallon akaunganisha nyaya za betri ya Kakule kwanza, zikiwa pamoja na za ile iliyochoka, huku Geneviève akishika tochi na Kakule akishika pumzi. Hapo tu ndipo alipotoa zile za zamani, moja, kisha ya pili. Kioo hakikupepesa. Tano ikabaki pale pale, ikidanganya kwa utulivu.

"Sijawahi kufurahia uongo namna hii," Geneviève alisema.

Sasa Shallon alikaa na kompyuta yake magotini. Aliwaeleza huku akiandika, labda kwa kujituliza. Chumba cha ndani hakupaswa kukigusa kabisa. Kiendeshi akikiondoa, foleni nayo inaondoka. Angegusa cha nje tu. Ile programu ya kioo ilizoea kuja dirishani na meza ndogo ya kipimo kimoja. Yeye angetuma nyingine yenye meza kubwa, iombe vipimo elfu mbili kwa mkupuo. Kiini kingenakili vyote vilivyopo kwenye foleni, kingejibu sifuri, na kiendeshi kwa upumbavu kile kile alichokifundisha kingeamini kwamba hakuna kilichokwenda, kisifute kitu. Hata kama nakala ingeharibika njiani, ya asili ingekuwapo bado.

"Kosa lako limetunza mali," Feresita alisema.

"Usilisifu, Bibi."

"Silisifu. Nalishukuru tu."

Alimsomea Nobert mistari yake yote kwa simu, mmoja mmoja, na Nobert akamsimamisha mara mbili. Mara ya pili alikuwa na haki: meza ilikuwa fupi kwa nafasi chache. Shallon aliipanua. Kakule alichungulia begani kwake, akaona herufi tupu, akasema kwamba hata padri hasomi vitu vigumu namna hii, kisha akaenda kusimama mlangoni asije mtu akajikwaa kwenye nyaya. Akina mama wawili waliokuja na watoto wenye homa aliwakalisha uani, akawabebea viti mwenyewe.

Saa sita na robo Shallon aliondoa kidole kwenye kibodi. "Naomba mtu asinisemeshe," alisema, na akabonyeza.

Safu za tarakimu zilishuka kwenye kioo cha kompyuta yake, zikashuka, Feresita akadhani hazitakwisha. Ziliposimama, Shallon alisoma mstari wa chini kwa sauti ndogo. "Elfu moja mia moja arobaini na tisa." Kabla ya kuvitazama alivihifadhi mara tatu: kwenye kompyuta, kwenye kadi, na kwenye simu. Ndipo akaisogeza kompyuta mbele ya Geneviève.

Geneviève alivaa miwani. Alisoma kwa rula, kama anavyosoma kila kitu, mstari mmoja baada ya mwingine, siku baada ya siku. Hakuruka. Walimngojea. Feresita alisali kimoyomoyo, bila kuchagua maneno.

"Nne. Tano. Nne," Geneviève alinong'ona. "Siku ya Alhamisi sita, tulifungua sana. Sawa. Ijumaa nne." Alifika kwenye alfajiri ya siku ile, akapunguza mwendo. "Tatu. Mbili na nusu. Mbili. Moja na nusu." Rula ilisimama. "Moja na nusu. Mbili. Tatu." Alivua miwani. "Ilishuka, lakini haikuganda. Haikufika sifuri hata mara moja."

"Na kipimo chako cha mkono?" Feresita aliuliza.

Geneviève aliinuka, akafungua jokofu haraka, akatazama, akafunga. Alikuwa na aibu kidogo usoni. "Nilikiegemeza kwa ukuta wa nyuma. Kule kuna barafu, kwa sababu kisanduku kimoja cha chanjo kilisukumwa mpaka kikagusa ukuta. Kipimo kilikuwa kinapima ile barafu." Alifikiri kidogo. "Kile kisanduku kimoja sikiamini. Kinarudi Kasese. Vingine vyote vinabaki."

Alimpigia simu mkubwa wake wa wilaya, akamweleza kwa Kiingereza, akamsomea mistari ya alfajiri yote. Aliuliza maswali, akajibiwa. Alipokata simu, aliandika kwenye daftari, akatia saini, na saini yake ilikuwa kubwa kuliko kawaida.

"Tunachanja kesho," alisema.

Kakule, ambaye hakuelewa tarakimu wala Kiingereza, alielewa hilo. Aliirudisha kofia kichwani, akasema anakwenda kuwaambia walio uani, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameuliza.

Feresita alimshika Geneviève mkono, akamshika na Shallon. "Wasingya," alisema kwa lugha ya nyumbani, ile asante ambayo hata watu wa Butembo wanaijua bila kutafsiriwa. Akaenda mlangoni kumwambia Kakule pia, na akaomba simu amwambie Nobert, ambaye alisema, "Haya, Bibi, hata mimi asante," kama mtu aliyepewa kitu mbele za watu.

Mchana ule Shallon alirekebisha kiendeshi. Lilikuwa jambo la mstari mmoja na nusu, na alikijaribu muda wa saa tatu bila kukitoa, akifungua na kufunga jokofu na kutazama tarakimu zikibadilika. Alipokuwa akimaliza, Feresita aliona kwamba anaandika maneno ya kawaida juu ya ile programu, si alama.

"Hayo ni nini?"

"Ni desturi yetu, Bibi. Anayeonyesha kosa, jina lake linaandikwa pale pale kwenye programu, libaki." Alisoma: "Kosa limeonyeshwa na Feresita, Bwera."

Feresita alitazama lile jina lake kwa muda mrefu. Kusoma alikujua, kwa polepole. "Mwandike na Kakule," alisema. "Na yule kijana wa chai. Na Geneviève, ndiye aliyetia kipimo cha mkono bila kuagizwa na mtu."

"Programu haina nafasi ya ukoo mzima, Bibi."

"Panua meza."

Shallon akacheka, akawaandika.

Jumatano kulikucha kwa manyunyu mepesi. Kufikia saa mbili benchi zilijaa, na waliokosa nafasi walisimama chini ya upenu wakiwa wamefunika watoto kwa khanga. Shallon alikuwa na ruhusa ya kurudi Kasese, lakini alibaki akigawa namba. Mama mmoja kijana, Chérie, aliyetoka ng'ambo ya mto kabla ya alfajiri, alikuwa na mapacha na mikono miwili tu. Feresita alimpokea mmoja, msichana wa wiki kumi, mzito kama mkungu mdogo.

Geneviève alifungua jokofu, akatoa chupa ya chanjo ya kifaduro, akalifunga tena. Aliiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa, akatazama maji meupe yakitulia. Akavuta sindano.

"Shika mguu, Mama."

Feresita alishika ule mguu laini kwa vidole viwili. Sindano iliingia, ikatoka. Mtoto alinyamaza kwanza kana kwamba anafikiri, kisha akalia kwa nguvu zote, kilio cha mapafu mazima, kisicho na kikohozi ndani yake. Feresita alimweka begani na kumpigapiga mgongo, akimwacha alie mpaka atosheke, na yule mama kijana wa ng'ambo alipotaka kumchukua akamwambia, "Niachie kidogo tu, binti yangu. Nakuomba."